Maabara Ishuke Machimboni

Taifa letu halina uhaba wa dhahabu, wala halina uhaba wa watu wenye nguvu na moyo wa kuichimba. Kinachopungua, na ambacho leo tunataka kukisema waziwazi, ni elimu ya kitaalam kumfikia mchimbaji pale alipo: kwenye duara, kwenye karasha na kwenye mwalo. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga mali inapotea kila siku, na wenye daftari aghalabu wako mbali, Dodoma na Dar es Salaam.

Hatusemi hivyo kwa kuidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Nchi hii ilitambua mapema kwamba hakuna uchumi wa kujitegemea bila utafiti wa kujitegemea. Idara ya Jiolojia iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1925 ndiyo mzazi wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao yake Dodoma. Mwaka 1972 liliundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Mwaka 1973 likafuata SIDO la kuhudumia viwanda vidogo. Na mwaka 1979, kwa Sheria Namba 5 ya mwaka huo, likaundwa Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania, TIRDO, likapewa dhima ya kufanya utafiti wenye manufaa ya moja kwa moja kwa viwanda, kuvipatia huduma za kitaalam na kukusanya na kueneza habari za ufundi. Walioandika sheria hiyo hawakukusudia kujenga maktaba ya kupendeza macho. Walikusudia kujenga chombo ambacho mwenye kiwanda, akikwama, atakiendea na kupata jibu.

Swali letu basi ni jepesi. Shirika la utafiti la umma hupimwa kwa kitu gani? Wapo wanaolipima kwa idadi ya taarifa lilizochapisha, na wapo wanaolipima kwa semina na makongamano. Sisi tunasema lipimwe kwa tofauti linayoifanya katika kazi ya mtu. Na hakuna mahali penye mizani iliyo wazi zaidi ya machimboni, kwa kuwa huko tofauti hiyo hupimwa kwa gramu.

Kila mwenye kuijua kazi hii anaufahamu mtiririko wake. Mawe hutolewa katika duara, huvunjwa kwa nyundo, kisha husagwa katika karasha zenye gololi za chuma hadi yawe unga. Unga huo huoshwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mazulia, ili chembe nzito za dhahabu zinase na mchanga mwepesi uende na maji. Kilichonaswa hutiwa ndani ya karai pamoja na zebaki. Zebaki huikamata dhahabu, donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa kwa moto, mara nyingi hadharani, na hata uani kwa mtu, penye watoto na vyungu vya chakula. Zebaki hupaa ikawa mvuke usioonekana na dhahabu hubaki.

Kwa njia hiyo mchimbaji aghalabu hapati hata nusu ya dhahabu iliyomo katika jiwe lake. Ameingia shimoni usiku, ameweka matimba, amelipia maji, mafuta na karasha, amegawana na wenziwe na mwenye shamba, na baada ya yote hayo sehemu kubwa ya jasho lake imempita. Inakwenda wapi? Imo ndani ya marudio, yale mabaki ya mchanga yanayorundikwa kando ya karasha. Marudio hayo huuzwa kwa bei ndogo, au huachwa kwa mwenye karasha kuwa sehemu ya malipo yake. Kutoka hapo huchukuliwa na wenye mavati, wakayalowesha kwa sayanaidi na kuitoa dhahabu iliyobaki.

Hatumlaumu mwenye vati. Ametia mtaji wake, ameajiri watu na analipa ushuru. Lakini tunauliza, kwa nini mchimbaji auze kitu ambacho yeye mwenyewe hajui kina nini ndani yake? Mnunuzi wa marudio amekwisha kupeleka kifuko cha sampuli maabara na anajua kila tani ina gramu ngapi. Muuzaji anakisia kwa macho. Biashara ambayo mmoja ana mizani na mwenziwe hana haiwezi kuwa na insafu, hata kama pande zote mbili zimeridhiana. Kumwondolea mchimbaji dhuluma ya namna hii hakuhitaji sheria mpya wala mgambo. Kunahitaji kipimo cha sampuli kinachopatikana karibu, kwa bei anayoimudu, na majibu yatoke kabla hajafikwa na shida ya kuuza.

Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, lile la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, yamempa mchimbaji mizani ya haki pale anapouza. Hilo ni jambo la kushukuru, na matunda yake yameonekana katika hazina ya Taifa, kwani Wizara ya Madini yenyewe imekuwa ikieleza kwamba wachimbaji wadogo sasa wanachangia kiasi cha asilimia 40 ya mapato ya sekta hiyo. Lakini soko hupima dhahabu iliyokwisha kupatikana. Haliwezi kupima iliyopotea. Anayeweza kuipima hiyo ni mtafiti peke yake.

Tugeukie sasa ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Izumacheli, ambao huenda wakadhani kwamba habari za karasha si habari zao. Vijito vya upande wa kaskazini wa machimbo ya Geita huelekea Ziwa Victoria. Vile vya kusini na magharibi, pamoja na vya eneo la Lwamgasa, huelekea bonde la Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Zebaki haina mpaka wa wilaya. Ikifika katika tope la majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu inayoingia katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa wanaowala, na mwisho kwa mlaji aliye mezani.

Tuseme kweli katika jambo hili, maana hofu isiyo na kipimo nayo ni hasara. Uchunguzi uliofanywa na wataalam wa kwetu na wa nje katika miaka ya 1990 na ya 2000 ulionyesha kwamba samaki wengi wa Ziwa Victoria walikuwa chini ya kiwango cha hatari kilichowekwa kimataifa, na kwamba uchafuzi mkubwa ulikuwa karibu na sehemu za kusagia na kuchomea. Mwenye kuumia kwanza ni yule anayechoma zebaki na jamaa walio jirani naye. Habari hiyo inatuliza, lakini haitoi ruhusa ya kulala. Machimbo yameongezeka tangu wakati huo, mavati yameongezeka, na sayanaidi inapomwagwa juu ya marudio yenye zebaki huiyeyusha zebaki hiyo na kuirahisishia safari ya majini. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na nchi yetu mwaka 2020, unaihesabu tabia hiyo miongoni mwa mbaya zaidi, sambamba na kuchoma zebaki hadharani na kuichoma katika makazi ya watu. Mkataba huo ulipewa jina la mji wa Japani ambao mkasa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Walioangamia kwanza huko walikuwa wavuvi na jamaa zao.

Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa thamani ya maabara. Wanaukumbuka mwaka 1999, wakati Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na wavuvi waovu. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliyumba, na bei ya sangara ikaanguka mialoni. Kilichorudisha heshima ya samaki wetu hakikuwa hotuba. Kilikuwa ni ukaguzi, sampuli na majibu ya vipimo ambayo mnunuzi wa mbali hakuweza kuyakanusha. Leo maabara ya Taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, hatua chache kutoka ziwani, wala haiko maili mia saba kutoka kwenye nyavu. Lililowezekana kwa samaki haliwezi kushindikana kwa dhahabu.

Funzo la pili tulilipata mwaka 2017. Machi ya mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba kwenda nje, na kamati ya wataalam iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa GST, ikapewa kazi ya kupima kilichokuwamo ndani ya makontena 277. Kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ilizikataa hesabu za kamati. Mabishano yakaendelea hadi yakazaa majadiliano, na mwaka 2020 yakatiwa saini makubaliano yaliyoipa Serikali hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Hatukusudii kufukua tena mabishano yale. Tunachokusudia ni kuonyesha kwamba siku Taifa lilipotaka kujua mali yake, lilimwendea mwanajiolojia. Basi kwa nini tumngoje hadi siku ya ugomvi? Nchi inayopima kila siku haina haja ya kuunda kamati ya kupima mara moja.

Yupo pia wa kupotea mbali na dhahabu, naye ni mtu. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Taifa zima lilimshukuru Mungu. Lakini muujiza si mpango wa kazi. Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, ardhi ilititia tena juu ya wachimbaji 25, na safari hii nyumba nyingi zikaingia katika msiba. Jiwe lina tabia zake. Lipo linalosimama lenyewe, lipo linalomeguka likinywa maji, na upo ufa unaopita chini kwa chini kutoka duara moja hadi jingine. Mambo hayo yanasomeka kwa mwenye elimu yake. Mchimbaji anayeweka matimba kwa mazoea ya babu yake anastahili kupata mtu wa kumwambia kabla ya masika kwamba hapa pasichimbwe, au pachimbwe kwa namna hii.

Si kweli kwamba hakuna kinachofanyika. Vituo vya mfano vya STAMICO vimejengwa Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi huko Chunya, ili wachimbaji waone kwa macho yao namna ya kuchenjua dhahabu bila zebaki na kupata zaidi ya walivyozoea. Mwaka 2023 STAMICO ilipokea mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili mtu ajue mwamba ulipo kabla ya kutumia akiba yake kuchimba shimo tupu. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza mwaka 2021, na STAMICO ni mbia. Nayo GST imewekewa lengo la kuufikisha utafiti wa kina wa kutumia ndege katika asilimia 50 ya eneo la nchi ifikapo mwaka 2030, kutoka asilimia 16. Haya yote ni mema. Hata hivyo, kituo kimoja cha mfano hakiwezi kuwa jibu la maelfu ya maduara, na ramani iliyopigwa kutoka angani haina faida kwa mchimbaji mpaka itokee mtu wa kumtafsiria.

Tunayajua majibu yanayotolewa. Inasemekana kwamba mchimbaji mdogo ni mbishi na hataki mafunzo. Sisi hatukubali. Mchimbaji alipoletewa chombo cha kuchomea kilichofunikwa ili zebaki isipae, wengi walikiacha, na mara moja wakaitwa wajinga. Lakini waliokiacha walikuwa na sababu. Kilikuwa kinachukua muda mrefu, na mtu aliyegawana dhahabu na wenziwe kumi hapendi kuificha ndani ya chuma ambamo hakuna anayeiona. Huo si ujinga, ni tahadhari ya mtu mwenye wenzake. Mtafiti aliyekaa machimboni mwezi mzima angelijua hilo, akabuni chombo kingine. Mtafiti aliyepita siku moja na gari la mradi hawezi kulijua.

Inasemekana pia kwamba fedha hazitoshi. Hilo ni kweli, wala si jepesi. Lakini tutazame hesabu. Ikiwa nusu ya dhahabu ya mchimbaji mdogo inampita, basi kila hatua inayopunguza upotevu huo huongeza mrabaha wa Serikali bila kuchimba jiwe hata moja la ziada. Utafiti wa namna hii si gharama ya anasa. Ni mbegu, na mkulima hali mbegu yake kwa kisingizio kwamba mwaka huu ana njaa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, mipango iliyokwisha kutangazwa ya kuisogeza maabara ya GST hadi Geita itekelezwe kwa haraka, na Kahama nayo isisahauliwe. Maabara hiyo iwe na dirisha la mchimbaji mdogo, bei iwe ya kuhimilika, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye leseni ndogo atakielewa bila kumlipa mkalimani.

Pili, TIRDO ifungue tawi katika ukanda huu. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, eneo lake mjini Kahama lilitengwa kuwa eneo maalum la kiuchumi. Tunauliza, ni mahali gani panafaa zaidi kwa shirika la utafiti wa viwanda? Karasha zinatengenezwa na mafundi wetu wa Mwanza, Geita na Kahama kwa kuigana, bila michoro wala vipimo. Gololi huchakaa upesi kwa kuwa chuma chake hakikuchaguliwa. Vumbi la kusaga likikauka huingia katika mapafu ya vijana na kuwaletea maradhi yasiyopona. TIRDO, TEMDO ya Arusha na SIDO wakikaa na mafundi hao, watapata karasha inayosaga vizuri zaidi, inayodumu na isiyotoa vumbi. Huo ndio utafiti unaosaidia viwanda.

Tatu, vitazamwe vitu ambavyo machimbo hununua kutoka nje. Mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi hutumia kaboni maalum ya kunasia dhahabu, na kaboni hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Nazi ziko Mafia, Tanga, Unguja na Pemba, na vifuu vyake huishia jikoni au jalalani. Ni kazi ya shirika la utafiti kutuambia kama vifuu hivyo vinaweza kufikia ubora unaotakiwa, kwa gharama gani na kwa kiwanda cha ukubwa gani. Likijibu kwamba haiwezekani, tutakuwa tumejua. Likijibu kwamba inawezekana, mkulima wa nazi wa kisiwani na mchimbaji wa Nyarugusu watakuwa wameunganishwa na kazi moja.

Nne, GST na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, zishirikiane kupima zebaki katika maji, tope na samaki kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yabandikwe mialoni na machimboni kama yanavyobandikwa matangazo ya mikutano. Mvuvi ana haki ya kujua. Akiambiwa kwamba samaki wake ni salama, aambiwe kwa hesabu ya mwaka huu na si ya mwaka wa baba yake.

Tano, na hili ni la viongozi wa mikoa na wilaya hasa, mtafiti anayepelekwa machimboni apewe nyumba, usafiri na heshima ya kazi yake. Mara nyingi tunawalaumu wataalam kwa kupenda mijini, nasi wenyewe tumewaacha huko vijijini bila hata chumba cha kuhifadhi vifaa vyao.

Utajiri wa ukanda huu haukuvumbuliwa kwa bahati. Dakta John Williamson, aliyeuvumbua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, alikuwa mwanajiolojia aliyeusaka kwa miaka kwa kutumia elimu yake. Mgodi wa zamani wa Geita uliofanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966 uliongozwa na watu waliokuwa na ramani na maabara zao. Wale walikuja na elimu, wakachukua walichokijua kuwapo. Sisi tuliobaki na ardhi hatuna budi kuwa na elimu hiyo hiyo, na tuwe nayo kwa niaba ya wengi.

Sheria ya mwaka 1979 ingali hai na vyombo vipo. Wataalam tumewasomesha kwa kodi ya pamba, ya samaki na ya dhahabu yenyewe. Kilichobaki ni amri ya utawala na nia ya wahusika kuifupisha safari iliyopo kati ya meza ya mtafiti na karai la mchimbaji. Tunawataka viongozi wanaohusika waeleze, kabla ya bajeti ijayo, ni lini safari hiyo itaanza na nani atakayeulizwa isipofika.